Wageni Walikuwa Wake

Nilimwonea wivu yule mama miaka kumi na moja, na nalisema hili mapema ili mtu asije akasoma mazuri nitakayoyasema juu yake akadhani nimeandika kwa upendo mtupu. Upendo upo. Lakini wivu ndio uliotangulia, na ulikuwa mkubwa zaidi.

Kisiwani walimwita Mama Mwenyeji. Jina lake la ubatizo nalijua, niliwahi kulisoma kwenye kadi yake ya kliniki, ila hakuna aliyelitumia na sioni sababu ya kulianzisha mimi. Kazi yake ilikuwa kupokea wageni, na hakuna aliyemwajiri. Boti ikitokea Musoma na watu wa mbali, wawe Wazungu, wanafunzi wa Dar au walimu wa Bunda waliokuja kupumzika siku mbili, basi kabla hawajakanyaga mchanga yeye alikuwa ameshasimama mwaloni, pale boti zinapofikia, kanga moja kiunoni na nyingine begani, akiwahesabu kwa kidole ili ajue apime unga kiasi gani.

Mimi ndiye niliyekuwa nawaleta. Nina cheti cha kuongoza watalii, nilikisomea miaka miwili, na nilikuwa na shati la kaki lenye jina langu kifuani. Naishi Buhare, pembeni ya mji wa Musoma, na kwetu hasa ni Butiama, ambako mama yangu anafuga mpaka leo. Nayajua majina ya ndege wa ziwa hili kwa lugha tatu. Najua fisi maji hutoka saa ngapi na kenge huota jua kwenye jiwe lipi. Yeye hakujua hata nusu ya hayo, na wageni walimpenda yeye.

Hata jina walinipa baya. Watu wa kisiwani walilisikia lile neno la Kiingereza la kazi yangu, wakalitamka kwa midomo yao, likatoka "gaidi". Boti ikionekana tu, unasikia mtu anamwambia mwenzake, "Gaidi anakuja na watarii." Nikawaomba waniite mwongozaji. Wakasema ni refu, tena halina ladha. Mama Mwenyeji akanitetea kwa namna yake.

"Muacheni Gaidi wangu," akawaambia. "Huyu hajawahi kuua mtu."

Mnasikia hiyo "watarii". Kwetu Mara l na r zinabadilishana viti wakati wowote zinapojisikia, hilo si geni, lakini yeye alizidi. Kalibuni. Chakura. Kurara. Mwaka wa kwanza nilijaribu kumrekebisha.

"Mama, ni watalii."

"Ndiyo," akajibu, akifurahi kwamba tumekubaliana. "Watarii."

Kuna binti mmoja Mholanzi alikaa wiki nzima. Nilikuwa nimempa karatasi yenye salamu zote zilizochapwa vizuri, na kila asubuhi nilimfanyisha mazoezi. Siku ya kuondoka alimkumbatia Mama Mwenyeji akasema, "Asante kwa chakura kizuli," machozi yakamtoka. Ile karatasi nilikuja kuikuta imefungiwa karanga.

Na kibao. Nilikwenda kwa fundi wa maandishi pale Iringo nikaagiza kibao cha kukaribisha watu, rangi ya bluu, herufi nyeupe. Kilikuja kimefungwa kwa magazeti, na nilikifungua mwaloni mbele ya watu wote. Kilikuwa kimeandikwa KALIBUNI KISIWANI. Nilitaka kukirudisha siku ileile. Mama Mwenyeji akakisogelea, akakisoma kwa kidole, silabi moja moja, akasema fundi ameandika sawa kabisa, akaagiza misumari. Mpaka sasa hakuna kitu kisiwani kinachopigwa picha kama kile kibao.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye alitoa jembe siku ya kwanza, saa ya kwanza. Mimi nilikuwa nimejifunza kwamba mgeni akifika apewe kiti, kivuli na kinywaji cha baridi, nami nilibeba viti vile kwenye boti kutoka mjini, sita, vya kukunja. Nikishavipanga yeye anatokea jikoni anawatazama waliokaa.

"Hawa wanaumwa?" ananiuliza.

"Hapana mama, wanapumzika."

"Wamefanya nini cha kupumzikia? Si walikuwa wamekaa kwenye boti?"

Basi anawanyanyua. Huyu ateke maji, huyu amenye muhogo, wale wawili waende na kina mama kukusanya kuni. Mzee mmoja mwenye upara, niliyekuja kuambiwa baadaye kwamba kwao ni jaji, alipangiwa kugeuza dagaa kwenye nyavu za kuanikia. "Taratibu baba," Mama alimwelekeza, "usizivunje vichwa." Jaji aligeuza dagaa mchana mzima, upara ukaungua ukawa mwekundu, na kwenye kitabu cha wageni aliandika ukurasa mmoja na nusu kuhusu dagaa. Mwisho kabisa akaongeza kwamba mwongozaji naye alifika kwa wakati.

Kile kitabu nilikisoma kila safari ya kurudi, boti ikiwa katikati ya maji na wageni wakitazama mbele. Nilikuwa natafuta jina langu. Nilisema nakisoma ili kuboresha huduma.

Chakula nacho kilikuwa vita. Mimi niliwapangia sangara, mnofu mtupu, kitu ambacho mtu anakula huku anaongea. Yeye aliwapa furu, samaki mdogo mwenye miiba kila pahali, na ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama. Nilimuuliza Mama, mgeni akikwamwa na mwiba tutampeleka wapi. Akasema furu hamdhuru mtu asiye na haraka. Halafu akakaa chini nao, akawaonyesha jinsi ya kuutafuta mwiba kwa ulimi na kuusukuma pembeni ya mdomo, na watu wazima wenye vyeo vyao wakala samaki wawili kwa saa nzima bila kuongea, wakitazamana na kucheka kila mmoja anapoutoa mwiba mzima. Hakuna mtu aliyewahi kuniandikia kuhusu sangara.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa na vituko, na vingine sikuvielewa. Mtu aliyeishi maisha yake yote katikati ya maji aliogopa maji. Akipanda boti kwenda Musoma alijifunika kanga kichwani kuanzia mwalo wa huku mpaka mwalo wa kule, akiimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya chini, na ukimgusa bega anakupiga kofi. Kanisani alikuwa wa sauti ya kwanza, hakosi Jumapili, lakini mwiko wa kwanza wa ugali aliuweka juu ya jiwe nyuma ya jiko kabla mtu hajala. Nilimuuliza ni wa nani. Akasema wa kuku. Hakuwa na kuku.

Tena huyuhuyu aliyepokea nusu ya dunia, nyumbani kwake hakuingia mgeni. Mambo yote yaliishia jikoni na uani. Jua likishazama alifunga mlango wake wa mbao kwa komeo, na hata angekuja mkuu wa wilaya angejibiwa na wadudu tu. "Mgeni njoo mwenyeji apone," alipenda kusema, kisha anaongeza la kwake, "ila asikae mpaka mwenyeji augue." Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, na nilichukulia ni utani kama walivyochukulia wao.

Sasa nifike kwa mama yangu mzazi. Mama yangu hasifii kitu. Nilipopata cheti aliuliza kama kinaisha muda. Mwaka mmoja nikamtoa Butiama nikampeleka kisiwani, nikitaka aone kazi ya mwanawe. Nilimwonyesha mawe, nikamwonyesha ndege, nikamwambia majina. Akawa anaitikia tu. Tulipofika jikoni Mama Mwenyeji hakumpa kazi yoyote. Alimkalisha kwenye mkeka, akamuuliza habari za ng'ombe wake. Si habari za ng'ombe kwa jumla: huyu anaitwaje, alizaa lini, yule mweusi kwa nini alikataa ndama. Waliongea mpaka boti ikataka kutuacha. Mama yangu alirudi Butiama akatangaza kwa majirani kwamba kuna mwanamke kisiwani anayejua kuuliza. Tangu hapo kila akinipigia simu, kabla hajauliza wajukuu zake, anasema, "Na yule mama hajambo?"

Hapo ndipo wivu wangu ulipoacha kuwa wa kazi.

Nije kwenye jiwe. Upande wa kaskazini wa kisiwa kuna jiwe la kijivu lililokaa juu ya mengine, pana kama meza ya kulia chakula, lenye vishimo vidogo juu yake. Ukiligonga kwa jiwe lingine linalia kama chuma, na sauti yake inafika kisiwa kizima na kuvuka maji. Linagongwa kwa sababu moja tu, boti ikiwa haijarudi. Likilia, kila mtu anaacha alichoshika anakwenda mwaloni ili watu wahesabiwe, ijulikane nani hayupo. Simu zimekuja, lakini mtandao wa kule una siku zake, kwa hiyo jiwe halijastaafu.

Mama Mwenyeji aliwapeleka wageni pale mwisho wa siku. Aliwasimulia kazi ya jiwe, kisha akawaambia waweke sikio.

"Mnasikia nini?"

"Hatusikii kitu."

"Vizuri," alisema. "Siku nzuri ni hiyo."

Wakishuka pale walikuwa wamenyamaza, na kwenye boti walinyamaza pia, wakiangalia maji kwa namna nyingine. Mimi na cheti changu sikuwahi kumnyamazisha mgeni hata mmoja kwa kitu nilichomwonyesha. Niliwahi kumwambia Mama tuwaache wagonge hata mara moja, polepole, wapate kusikia. Akaendelea kushuka.

Ikafika siku yeye yuko kliniki Musoma na mimi nina wageni wawili, mke na mume, wenye kamera kubwa. Kwa mara ya kwanza kisiwa kilikuwa changu peke yangu. Niliwazungusha kila mahali, nikasema kila ninachokijua, na walikuwa wananisikiliza kweli. Tukafika kwenye jiwe nikawaeleza. Yule mke akauliza kama kweli linalia. Nikasema linalia, ila huwa hatuligongi. Akatafakari kidogo, akaniuliza, "Yule mama tuliyesoma habari zake, yeye angetugongea?"

Walikuwa wamekuja kwa ajili yake. Siku nzima nilikuwa namshikia nafasi. Nikaokota jiwe nikagonga mara tatu, na sikugonga polepole.

Tuliposhuka, kisiwa kizima kilikuwa mwaloni. Dagaa zilikuwa zimeachwa kwenye nyavu na korongo wameshazivamia. Boti mbili zilizokuwa zikivua zilikuwa zinarudi kwa kasi. Mke mmoja kijana, mumewe alikuwa ziwani tangu alfajiri, aliingia majini mpaka kifuani huku ana mtoto mgongoni, anaita jina la mumewe, na kina mama wawili walikuwa wamemshika mikono wanamvuta. Mgeni wangu aliishusha kamera bila kuambiwa. Hesabu ilifanyika, watu wote wakawa wapo, na hapo ndipo wakaanza kuulizana nani aligonga.

Kikao kilikaa palepale mchangani, saa kumi jioni, boti ya kutoka Musoma ikifika. Mama Mwenyeji alishuka, akaivua kanga kichwani, akasikiliza. Mwenyekiti wa mwalo alinigeukia akaniuliza mimi. Nilikuwa nafungua mdomo. Nimejiambia miaka yote hii kwamba nilikuwa naufungua.

"Nilimruhusu mimi," Mama Mwenyeji akasema. "Nilimwambia wageni waking'ang'ania awagongee tu."

Nadhani hakuna aliyeamini, lakini lilikuwa neno lake na hakuna aliyewahi kumwambia mama yule kuwa anasema uongo. Wakaamua kwamba kwa kosa lile asipokee tena wageni, si mwaloni wala kwenye mawe. Wakaulizana nani atapokea. Mtu akasema, si Gaidi yupo, tena amesomea. Nikanyamaza. Mama Mwenyeji akaenda kwake akafunga mlango, na mimi niliamini yuko ndani analia.

Haukupita mwezi akahamia kwa binti yake aliyeko Mugeta, huko Bunda, bara kabisa, kwenye pamba na ng'ombe. Nikabaki na wageni. Sasa huletwa na dereva wa boti, nami natangulia kisiwani kuwasubiri. Nilipata nilichokitaka, na kila kundi lililoshuka liliuliza mama yuko wapi. Nilijibu kwamba amesafiri. Mugeta si mbali, lakini miaka minne sikuthubutu kwenda.

Nilikwenda mwaka huu, baada ya mavuno. Nilimkuta amekaa uani kwa binti yake anachambua pamba, safi anaitupa kwenye gunia, fifi, ile chafu, anaiweka pembeni kwenye kanga kuukuu. Amekonda, lakini mikono ni ileile.

"Gaidi wangu," akasema. "Umenenepa."

Tukasalimiana. Aliulizia watoto, akamuulizia mama yangu, akamuulizia hata yule ng'ombe mweusi. Kisiwa hakukiulizia. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima ya kutoka Bunda, na nikawa nangoja auulizie hata mwalo ili nipate pa kuanzia.

Simu yangu ikalia. Alikuwa dada wa ofisi ya safari ya Mwanza, ana kundi la watu sita la Jumamosi. Akasema wamenitaja mimi kwa jina, wameelezwa na rafiki yao, hawataki mtu mwingine. Tangu nianze kazi hii haijawahi kutokea. Na hapa niseme ukweli wangu wote: nilibonyeza spika. Nikajifanya sisikii vizuri.

"Wamemtaja nani?"

"Wewe, kaka. Kwa jina kabisa."

Mama Mwenyeji alikuwa anatoa jani kavu kwenye pamba. Simu ilipokatika hakunyanyua macho.

"Wamekutaka wewe," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Vizuri. Ulikuwaga unaitaka sana hiyo."

Nikaona aibu mpaka masikioni. Nikayatoa yale maneno bila mpangilio wowote. Nikamwambia lile jiwe nililigonga mwenyewe, kwa wivu, na nikanyamaza yeye akaadhibiwa.

"Najua. Kwani mimi nilikutuma?"

"Sasa kwa nini ulisema ulinituma?"

Akatupa pamba kwenye gunia. "Nilikuwa nimechoka na watu, baba. Kila boti. Nikiugua wanakuja, nikifiwa wanakuja, mume wangu tunamzika na watarii wamesimama pale wameshika kofia. Ningesema naacha, wangesema Mama Mwenyeji amefukuza wageni. Ningeacheje? Siku ile nimeshuka kwenye boti, nikasikia mambo yako, nikasema moyoni, leo Mungu amenikumbuka."

"Lakini walikuadhibu."

"Adhabu gani? Walinikataza kupokea wageni." Alicheka mpaka akaweka mikono magotini. "Siku hiyo nilirara mpaka saa tatu asubuhi. Tangu niolewe sikuwahi."

Binti yake alipita na ndoo, naye akacheka, nikajua hadithi hiyo anaijua zamani. Nilingoja nisikie nafuu. Miaka minne nilibeba lile kosa, na sasa halikuwa kosa tena. Nafuu haikuja. Kilichokuja ni kujua kwamba kile nilichomnyang'anya alikuwa anatafuta pa kukitua.

"Unaondoka saa ngapi?" akaniuliza.

"Kwa nini, mama?"

"Ukikaa itabidi nipike."

Alisema vile bila ubaya, macho yakiwa kwenye pamba. Nikamwambia naondoka sasa hivi. Alinipa mkono, hakunisindikiza.

Jumamosi nilisimama mwaloni tangu saa tatu. Boti ilikuja na watu sita, wakaniona, wakanipungia mikono wote kwa pamoja, mmoja wao akaliita jina langu kutoka majini. Niliinua kidole nikaanza kuwahesabu, na nilipofika wa nne nikamkumbuka yule mama, amekaa uani Mugeta na gunia lake, hangoji mtu. Nilimwonea wivu kuliko siku zote nilizowahi kumwonea.